Sweta la Kwanza

Leo tunataka kuwasimulia habari ya sweta moja dogo la buluu. Ni sweta la kawaida kabisa, na pengine mkiliona dukani hamtalitazama mara mbili. Lakini sisi lilitufundisha mambo mawili. La kwanza ni jinsi ya kugeuza kielelezo cha kufuma ili kimfae mtoto uliye naye nyumbani. La pili ni gumu kidogo kulisema, kwa sababu linatuaibisha. Hata hivyo tutalisema, maana huenda liko kundi jingine la akina mama lililotenda kama sisi.

Sisi tuko saba. Tunaishi katika nyanda za juu za Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi huwa kali, na asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani ya viazi na kuyaunguza. Watoto wetu hutoka nyumbani kwenda shule kabla jua halijachomoza vizuri. Kwa hiyo sweta kwetu si pambo. Ni nguo ya lazima kama vile sufuria ilivyo chombo cha lazima jikoni.

Kila Alhamisi alasiri, baada ya kazi za shamba, hukutana nyumbani kwa mmoja wetu kwa zamu. Tunasali kwa ufupi, tunakunywa chai, kisha tunafanya kazi za mikono. Mmoja wetu ni bibi mwenye wajukuu wengi. Yeye alijifunza kufuma tangu utotoni, kwanza kwa spoki za baiskeli, baadaye kwa sindano za chuma alizopewa na mwalimu wake. Mdogo wetu kuliko wote ni mama kijana mwenye mtoto mmoja wa kiume, aliyekuwa na miaka 7 wakati wa habari hii. Mume wake alikuwa Mufindi katika kazi za mbao, naye aliishi na mama mkwe wake. Hatutawataja majina, kwa kuwa jambo hili ni la kwetu sote.

Karatasi ya bibi

Mwezi wa Aprili mwaka ule, mwenzetu huyo kijana alisema anataka kumfumia mwanawe sweta la shule. Hakuwa amewahi kufuma nguo yoyote. Alikuwa amefuma vitambaa viwili vya kujaribia tu, na alijua mshono wa mbele na mshono wa nyuma. Sote tulifurahi. Bibi alifungua sanduku lake akatoa karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne, yenye picha ya mtoto aliyevaa sweta. Ilikuwa ni kielelezo cha Kiingereza, na vipimo vyake vilikuwa vya inchi. Bibi mwenyewe hakuwa akiisoma tena. Alikwisha kufuma masweta mengi hata mikono yake ilikuwa inajua yenyewe la kufanya.

Kwa kweli kilikuwa kielelezo rahisi kwa mtu anayeanza. Sweta lote lilikuwa vipande vinne: mgongo, kifua na mikono miwili. Mgongo na kifua vilikuwa vipande vya mraba mrefu tu, bila kukata kwapa. Mmoja wetu aliyesoma kidogo Kiingereza alimtafsiria: anzisha vitanzi 72 kwa sindano namba 10, fuma pindo, kisha endelea kwa sindano namba 8. Sweta likikamilika litakuwa na mzunguko wa inchi 26, yaani sentimita 66. Tukamwambia, “Haya, mama, kazi kwako.”

Tulidhani tumemsaidia. Hatukumpima mtoto. Hatukumwambia afume kwanza kipande kidogo cha kujaribia. Hata sindano hatukumwonyesha. Tulimpa karatasi, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Wiki iliyofuata alikuja na furaha. Alikuwa amenunua vibonge vitano vya uzi wa buluu, kila kimoja gramu 50, na jozi moja ya sindano. Namba 10 hazikuwako dukani, kwa hiyo alichukua namba 8 tu ili zitumike kwa kazi yote. Wawili kati yetu waliziona zile sindano. Zilikuwa nene kama kidole cha mtoto. Waliona, wakanyamaza. Mmoja alisema baadaye kwamba alidhani ndiyo mtindo mpya. Mwingine alikiri kwamba aliona haya kusema jambo ambalo hana uhakika nalo mbele ya bibi.

Siku tuliyocheka

Mwenzetu alifuma usiku na mchana. Alifumia jikoni huku akingoja maharage yaive, na usiku alifumia kwenye mwanga wa taa mpaka mama mkwe wake akimwambia, “Mwanangu, lala, macho yatauma.” Hakutuletea kazi yake tuitazame. Alitaka kutushangaza.

Alhamisi moja mwishoni mwa Mei alikuja na mtoto na mfuko. Akatoa vipande viwili, mgongo na kifua, alivyokwisha kuviunganisha. Uzi ulikuwa umekwisha kabla ya mikono. Akamvika mwanawe.

Wapendwa, sweta lile lilishuka mpaka magotini. Mabega yalining'inia viwikoni. Mfumo ulikuwa wazi kama wavu wa samaki, na shati jeupe la mtoto lilionekana lote ndani yake. Mmoja wetu alianza kucheka, na kicheko ni kama moto wa majani makavu. Punde sote tulikuwa tunacheka. Mtu akasema, “Hili ni la baba yake!” Mwingine akasema, “Kavulie samaki!” Mtoto naye alitutazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mama yake, akaanza kulia.

Mwenzetu hakusema neno. Alimvua mwanawe lile sweta, akalikunja vizuri, akalirudisha mfukoni. Akasema ana kazi nyumbani. Alhamisi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja pia. Kanisani alikaa kiti cha nyuma na kutoka kabla hatujamfikia.

Mwanzoni tulijitetea. Tulisema ni utani tu, na kwamba yeye ni mwepesi wa kuumia. Ni bibi aliyetunyamazisha. Alisema, “Mtu anayecheka kazi ya mikono ya mwenzake amesahau siku yake ya kwanza. Mimi sweta langu la kwanza lilikuwa na mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi. Twendeni kwake.”

Safari ya kuomba radhi

Tulikwenda Jumamosi alasiri, sote sita. Tulipiga hodi, akatoka mama mkwe wake. Tulimsalimu, “Kamwene, mama,” akaitikia vizuri, lakini hakutukaribisha ndani upesi kama ilivyo desturi. Akasema, “Mkwe wangu yuko bondeni ananyweshea vinyungu. Ninyi ndio mliomcheka?”

Hatukuwa na la kujibu. Bibi ndiye aliyesema, “Ndiyo, mama. Ni sisi. Tumekuja kwa ajili hiyo.”

Ndipo tukaambiwa tusiyoyajua. Mwenzetu hakuwa na pesa za uzi. Aliuza kuku wake wawili, na pesa zilipopungua alichukua sehemu ya fedha ambayo mume wake alimtumia kwa ajili ya mbolea ya viazi vya vinyungu. Aliamini kwamba sweta la kununua lingegharimu zaidi, na kwamba mumewe akirudi na kuona mtoto amevaa sweta zuri alilolifuma kwa mkono wake, ataelewa. Sasa uzi ulikuwa umekwisha, sweta halivaliki, mbolea haijatosha, na mumewe alikuwa anarudi mwisho wa mwezi wa Juni. Siku ile tuliyocheka ndiyo siku alipokuwa amekuja kutuomba ushauri juu ya mikono.

Tulikaa kwenye mkeka tukiwa kimya. Alipopanda kutoka bondeni na ndoo yake na kutukuta, alisimama. Bibi aliinuka, mtu mzima yule, akamwendea. Akasema, “Mwanangu, kosa si lako. Nilikupa karatasi nisiyoisoma. Nikaona wewe unahangaika, nikacheka. Nisamehe.” Na sisi wengine tukafuata, kila mmoja kwa kinywa chake, pamoja na wale wawili walioziona sindano wakanyamaza.

Hakujibu upesi. Alitua ndoo. Akatuuliza kama tumekunywa chai. Sisi wanawake tunajua maana ya swali hilo. Lakini alipoleta chai alisema pia jambo ambalo hatujalisahau: “Mimi nilisamehe tangu juzi. Mwanangu ndiye hataki tena kusikia habari za sweta.”

Namba nane mbili

Bibi aliomba aone zile sindano. Akatoa na zake katika mfuko wa kanga. Akaziweka juu ya mkeka ubavu kwa ubavu. Zote ziligongwa namba 8 kichwani. Zile za dukani zilikuwa nene mara mbili ya zile za bibi.

Hapo tulifahamu. Uingereza zamani walikuwa na hesabu yao ya sindano za kufumia. Katika hesabu hiyo, namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Namba 8 ya zamani ni sindano ya milimita 4. Namba 10 ya zamani ni ya milimita 3.25. Lakini sindano zinazouzwa siku hizi kwa kawaida huhesabiwa kwa milimita zenyewe, na namba kubwa ni sindano nene. Kwa hiyo mwenzetu alikuwa ameambiwa atumie sindano ya milimita 4, akatumia ya milimita 8.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba karatasi yenyewe ilitupa dalili. Ilisema pindo lifumwe kwa namba 10 na mwili kwa namba 8. Kila mfumaji anajua kwamba pindo hufumwa kwa sindano nyembamba zaidi ili libane. Kama tungefikiri kidogo, tungejiuliza kwa nini namba ya pindo ni kubwa kuliko ya mwili. Hatukufikiri.

Tulipima lile sweta kwa futikamba. Katika kila sentimita 10 mlikuwa na vitanzi 14 tu. Basi vitanzi 72 vilitoa kipande cha upana wa sentimita 51, na vipande viwili vikaleta mzunguko wa sentimita 102. Kifua cha mtoto tulipompima kilikuwa sentimita 59. Hapo hata mwenzetu mwenyewe alitabasamu kidogo. Akasema, “Kumbe lilikuwa la baba yake kweli.” Safari hii aliyetania ni yeye, na sisi hatukucheka mpaka alipocheka yeye.

Kufumua

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapakuwa na njia ila kulifumua lote. Wanafunzi wengi wa kufuma huogopa kazi hii, lakini uzi wa kufuma una rehema: ukifumuliwa kwa uangalifu, waweza kutumika tena. Tulikaa wawili wawili, mmoja akivuta na mwingine akizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Kisha tulifunga kila shada mahali panne kwa vipande vya uzi mwingine, tukaziloweka katika maji ya vuguvugu, tukazining'iniza kivulini na kuzifungia kijiwe chini. Kesho yake uzi ulikuwa umenyooka, haukujikunja tena.

Bibi alimwazima mwenzetu sindano zake. Tukaanza upya, na safari hii tulifuata utaratibu ambao tungepaswa kumfundisha tangu mwanzo. Tunauandika hapa kwa ajili ya kila mama anayetaka kufuma nguo yake ya kwanza.

Kwanza, pima mtoto, si umri wake. Kielelezo husema “miaka 7”, lakini watoto wa miaka 7 hawalingani. Pima kifua chini ya kwapa. Pima toka begani mpaka chini ya kiuno. Pima mkono toka begani mpaka kwenye kifundo. Pima na kichwa, kwa maana sweta hupita kichwani kabla ya kufika shingoni.

Pili, ongeza nafasi ya kupumulia. Sweta huvaliwa juu ya shati, na mtoto hukimbia na kuinama. Tuliongeza sentimita 8 juu ya kifua cha sentimita 59, tukapata 67. Nusu yake, yaani upana wa kipande kimoja, ni sentimita 33 na nusu.

Tatu, fuma kipande cha kujaribia kwa uzi uleule na sindano zilezile. Usione kuwa ni kupoteza muda. Mwenzetu alianzisha vitanzi 30, akafuma mpaka kipande kikawa kama mraba. Tukakilaza mezani bila kukivuta, tukapima sentimita 10 katikati, si pembeni, tukahesabu. Vilikuwa vitanzi 24 kwa upana na mistari 32 kwa urefu.

Hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Karatasi ilitegemea vitanzi 22 hivi katika sentimita 10. Mkono wa mwenzetu unabana kuliko mkono wa mwandishi wa kielelezo. Kama angeanzisha vitanzi 72 kama ilivyoandikwa, hata kwa sindano sahihi, angepata kipande cha sentimita 30, na sweta la mzunguko wa sentimita 60. Lingembana mtoto kifuani. Mara ya kwanza lilikuwa kubwa mno, mara ya pili lingekuwa dogo mno, na karatasi ni ileile!

Nne, fanya hesabu yako mwenyewe. Ikiwa sentimita 10 zina vitanzi 24, basi sentimita moja ina vitanzi 2.4. Zidisha mara 33.5, utapata 80 na kidogo. Tuliandika 80. Ni namba nzuri kwa pindo la vitanzi viwili mbele na viwili nyuma, kwa sababu inagawanyika kwa 4. Kwa urefu tulifanya vivyo hivyo kwa mistari.

Tano, gawanya mabega na shingo kabla hujafika huko. Vitanzi 80 tulivigawa hivi: 24 bega moja, 32 shingo, 24 bega la pili. Na ukanda wa shingo tuliufunga kwa kulegeza, ili kichwa kipite bila mtoto kulia.

Mikono inayokua

Kielelezo kilisema mikono ifumwe peke yake kuanzia kifundoni kwenda juu, kisha ishonwe. Bibi alishauri tugeuze. Alisema, “Mtoto hukua mikono kwanza. Tuanzie begani tushuke chini. Mwakani tutafungua mwisho na kuongeza.”

Basi tuliunganisha mabega, tukaokota vitanzi pembeni, sentimita 16 mbele na 16 nyuma, jumla vitanzi 76. Kifundoni tulitaka vibaki 44. Vya kupunguza ni 32, na kwa kuwa kila mara tunapunguza viwili, kimoja kila upande, tulihitaji kupunguza mara 16. Mkono bila pindo ulikuwa na mistari 80. Gawanya kwa 16, ni kila baada ya mistari 5. Lakini ili daima tupunguze upande wa mbele wa kazi, tulifanya mara baada ya mistari 4, mara baada ya mistari 6, kwa zamu. Mwenzetu alichora mistari hiyo katika daftari la mwanawe na kuweka alama kila alipopunguza. Mtoto aliona daftari lake likitumika, akaanza kumsaidia mama kuhesabu. Hivyo ndivyo alivyorudi taratibu kwenye habari ya sweta.

Tulipofika mwisho wa mikono, uzi ulikwisha. Zilibaki pindo mbili na shingo. Alhamisi ile kila mmoja wetu alileta mayai kadiri alivyojaliwa. Tuliyauza tukanunua kibonge cha sita. Rangi yake haikuwa sawasawa kabisa na ya kwanza, maana uzi uliotiwa rangi siku tofauti huweza kutofautiana kidogo hata ukiwa wa aina moja. Lakini kwa kuwa uzi huo ulitumika kwenye pindo za mikono na shingo tu, ulionekana kama urembo uliokusudiwa. Kama tungeuingiza katikati ya kifua, ungeonekana kama kiraka.

Mume aliporudi

Sweta lilikwisha wiki ya tatu ya Juni. Siku ya kwanza mtoto alikataa kulivaa. Alisema atachekwa. Mama yake hakumlazimisha. Alilitundika kwenye msumari karibu na mlango. Asubuhi ya tatu kulikuwa na barafu nyembamba juu ya majani, na mtoto alilitwaa mwenyewe. Jioni alirudi nalo limejaa vumbi na utomvu wa migunga. Kwa mama, hiyo ni sifa ya kutosha.

Mume alirudi mwisho wa mwezi. Mwenzetu alikuwa ameamua kumwambia ukweli wote kabla hajauliza juu ya mbolea. Alimweleza habari ya kuku, habari ya fedha, sweta la kwanza, na kicheko chetu. Anasema mumewe alinyamaza muda mrefu akiligeuzageuza lile sweta, akitazama upande wa ndani kama fundi mbao anavyotazama maungio. Akasema kwamba kuhusu mbolea wangepaswa kushauriana kwanza, naye akakubali kwamba ni kweli. Kisha akauliza kama uzi uliobaki unatosha kofia.

Hatutasema kwamba viazi vya mwaka ule vilikuwa vizuri. Vilikuwa haba. Walilipa kwa kula kidogo zaidi miezi miwili. Tunalisema hili kwa sababu hadithi nyingine husimuliwa kana kwamba kila kitu kilinyooka, na maisha ya nyumbani hayako hivyo.

Mwaka uliofuata, mtoto akiwa na miaka 8, tulifungua pindo za mikono, tukaongeza sentimita 5, tukafunga tena. Mwaka wa tatu sweta lilikuwa dogo kabisa, likapewa mtoto mwingine katika ukoo. Na leo akija mama mpya Alhamisi kujifunza kufuma, anayemfundisha hatua ya kwanza si bibi tena. Ni yule mwenzetu kijana. Humwekea sindano zote mbili mbele yake, nene na nyembamba, na kumwambia azisome namba.

Tulilojifunza

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Kielelezo ni kitu cha kuazima. Kiliandikwa kwa ajili ya mtoto mwingine, uzi mwingine na mkono mwingine. Si kibaya. Kinatuonyesha njia. Lakini usipompima mtoto wako, kinaweza kukupotezea uzi na fedha, hata kama ulikifuata neno kwa neno.

Tunadhani hata ushauri tunaopeana sisi wanawake uko hivyo. Mara ngapi tumemwambia mwenzetu, “Mimi kwangu hufanya hivi,” tukamwachia karatasi na kurudi kwenye kazi zetu? Mume wake si mume wetu, kipato chake si chetu, mama mkwe wake si wetu. Anayempa mwenzake kielelezo anapaswa pia kukaa naye apime.

Tunamkumbuka Hana, mama yake Samweli, ambaye kila mwaka alimpelekea mwanawe kanzu ndogo. Mtoto hakuwa akiishi naye. Kila mwaka alikuwa amekua, na mama alipaswa kushona nguo kwa mwili ambao hakuuona tangu mwaka uliopita. Sisi tuna watoto wetu karibu, wanaosimama mbele yetu tukiwaita. Basi tuchukue futikamba tuwapime.

Na kama leo katika kundi lenu yuko mwenzenu anayekaa kiti cha nyuma na kutoka mapema, msingoje arudi mwenyewe. Nendeni mkapige hodi kwake.